Mvua Ndefu Bila Chai

Jumapili, 5 Aprili 1953

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Benter, mke wa mwalimu mkuu wa hapa Keumbu. Ni mtu wa ziwani, lugha yetu ya Ekegusii haijui, kwa hiyo darasa letu la ubatizo anatufundisha kwa Kiswahili, na mimi naandika kwa Kiswahili nione kama nilichosoma mpaka darasa la nne bado kimo kichwani. Amesema niandike kila siku nimekunywa vikombe vingapi vya chai. Nikamwambia, Mwalimu, nina watoto wanne, ng'ombe wa kukamua, shamba la wimbi linalomezwa na magugu, na mume aliye Kericho akichuma chai ya watu. Nitaandika saa ngapi? Akasema, "Utaandika ule wakati ambao ungekuwa umekaa unakunywa, Mama Nyaboke."

Ameniweza. Basi naandika.

Leo sita. Kimoja kabla ya kukamua, kimoja baada ya kukamua, kimoja wanangu wakubwa Nyaboke na Nyangate wakishakwenda kuchota maji, kimoja nikitoka shamba, kimoja mtoto akilala mchana, na kimoja cha jioni ambacho sikihesabu kwa kawaida lakini Mwalimu amesema nikihesabu.

Niseme na sababu, nisije nikaisahau nikikasirika. Kanisani kwetu chai hainywewi, wala kahawa, wala pombe. Pombe sikuwahi kuipenda. Kahawa tunalima, hatujui hata ladha yake. Lakini chai! Machogu, mume wangu, aliniletea pakiti ya kwanza mwaka ule tulipooana, na tangu hapo sijaamka bila hiyo. Mimi na binti yangu Nyaboke, ambaye ana miaka kumi na mitatu, tulianza darasa la ubatizo siku moja. Mara ya kwanza Mzee Angwenyi, mzee wa kanisa, aliniuliza, "Chai umeacha?" Nikasema napunguza. Akasema, "Hapa tunaacha, mama." Nikarudishwa. Nyaboke alikuwa amejibu maswali yote, akasema, "Nitamngoja mama." Mara ya pili nikaulizwa tena, nikasema ukweli kwamba nimekunywa asubuhi ile ile. Nikarudishwa. Nyaboke akangoja tena.

Sasa Mzee amesema mwezi wa sita mtoto ataingia majini, niwe tayari nisiwe tayari. Januari anakwenda shule ya bweni. Nataka kuingia naye. Sitaki kitu kingine mwaka huu, hata mabati sitaki.

Jumatatu, 6 Aprili

Vitano. Mwalimu Benter anasema nipunguze kimoja kila wiki, nisikate mara moja kama mtu anayekata mgomba. Nimeondoa kile cha jioni. Nimewagombeza watoto wote, na paka.

Jumatano, 8 Aprili

Vitano. Mvua.

Jumapili, 12 Aprili

Vinne kuanzia leo. Nimeondoa cha baada ya kukamua. Ng'ombe amenipiga teke, ndoo ikamwagika, nikakaa kwenye matope nikalia. Nyamusi, mwenye miaka sita, akaja akasimama mbele yangu akauliza, "Mama, unalilia maziwa ama unalilia chai?" Huyu mtoto mdomo wake utaniua siku moja.

Alhamisi, 16 Aprili

Vinne. Hakuna la kuandika. Mvua, nguo hazikauki, mtoto wangu mchanga Ombui anaota meno.

Jumapili, 19 Aprili

Vitatu. Leo nimejua kichwa kuuma ni nini. Kinaanzia nyuma ya macho, kinashuka shingoni, kinakaa hapo kama mgeni asiyeaga. Nimemwambia Mwalimu Benter baada ya darasa. Akaniambia hata yeye aliumwa hivyo alipoacha, wiki tatu. Nikamuuliza wakati huo alikuwa na watoto wangapi. Akasema alikuwa hajapata. Nikamshukuru kwa heshima, nikaenda zangu.

Jumatano, 22 Aprili

Vitatu. Nyangate amepoteza kalamu ya shule, ya pili mwezi huu. Nilimpiga kofi. Halafu kalamu nikaipata mimi mwenyewe kwenye kikapu cha viazi. Nimemwomba msamaha, naye akanitazama kana kwamba nimeota mkia. Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Lakini lile kofi halikuwa la kalamu, mimi najua lilikuwa la nini.

Jumapili, 26 Aprili

Viwili. Tuendelee tu.

Ijumaa, 1 Mei

Viwili, vyepesi. Nyaboke ndiye anayepika siku hizi, anaweka majani machache nikimtazama, na akidhani sitazami anaweka machache zaidi. Namwona. Jioni ananisikiliza mistari ya Biblia wakati ninamenya ndizi. Nikikosea hanicheki. Anarudia taratibu, kama mwalimu, mpaka nipate. Sijui mtoto huyu alitoa wapi subira, maana si kwangu, na kwa baba yake haikuwahi kuwako.

Jumatano, 6 Mei

Kimoja. Nimesinzia shambani nimesimama, jembe mkononi. Jirani yangu Nyanchera alipita akaniita mara tatu. Akasema, "Wewe mama, hao watu wa kanisa watakumaliza. Njoo kwangu nikupe kitu cha kukuamsha." Nyanchera ndiye anayepika pombe kuliko wote upande huu wa barabara. Nikamwambia aende zake. Akaenda akicheka.

Jumapili, 10 Mei

Hakuna hata kimoja. Siku ya kwanza tangu nilipoolewa. Sina nguvu ya kufurahi.

Jumatatu, 11 Mei

Sikunywa.

Jumanne, 12 Mei

Sikunywa. Na watu wasinisemeshe.

Jumamosi, 16 Mei

Sabato. Sikunywa. Leo sisi tisa wa darasa tumesimama mbele ya kanisa tukaahidi: kuanzia leo hata siku ya maji, chai, kahawa, pombe, tumbaku, hakuna. Nyaboke alisimama karibu nami, mabega yetu yakigusana. Amekuwa mrefu kama mimi, nami sikuona alipokua.

Jumatatu, 18 Mei

Sikunywa. Sasa nina shida nyingine. Keshokutwa ni zamu yangu ya risaga. Majirani wote wanakuja kupalilia wimbi langu siku moja, nami nawapa kitu cha kunywa. Watu wa zamani hutoa pombe. Sisi wa kanisa, tukiwa hatujabatizwa, hutoa chai, na kila mtu hujua hivyo, hukubali kwa kununa kidogo. Mimi siwezi kutoa hata moja kati ya hizo. Uji? Watu wazima ishirini waje wapewe uji kama watoto wa kunyonya?

Mwalimu Benter amenipa njia. Anasema wamishonari hukaanga nafaka mpaka iwe nyeusi, husaga, huchemsha kama chai, huweka maziwa, na mtu akifumba macho hajui tofauti. Nimempigia magoti. Leo nimekopa lile karai kubwa la mama mkwe, nikawasha moto nje maana ndani moshi ungetuua, nikakaanga mahindi na wimbi kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Nimegeuza kwa mwiko mpaka mikono ikafa ganzi. Harufu ilikwenda mpaka barabarani.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri kabisa. Ni kichwa hiki.

Maana saa tisa alikuja Nyanchera na kibuyu chake. Akafuata mzee mmoja kutoka ng'ambo ya kijito na mrija wake wa kunywea ameushika kama fimbo. Wakafuata wengine wawili. Wakakaa chini ya ukingo wa paa langu, mvua inanyesha, wakasalimia kwa adabu zote. Nyanchera akauliza, "Mama Nyaboke, umeloweka lini? Itakuwa tayari keshokutwa kweli?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nani hapa hukaanga mahindi na wimbi nje kwenye karai kubwa, siku mbili kabla ya risaga? Mpika pombe peke yake! Nimezaliwa Birongo, nimeisikia harufu hiyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama, halafu nimekaa na moto kwa saa sita bila kukumbuka.

Niliwaeleza. Yule mzee alinitazama kwa huzuni ya kweli, akaondoka na mrija wake.

Jumatano, 20 Mei

Sikunywa. Risaga imepita. Wamepalilia, siwezi kulalamika, ingawa kona ya juu wamekata wimbi na magugu pamoja. Kinywaji changu walikionja. Mmoja akasema kina ladha ya jiko lililoungua. Nyanchera alimaliza kikombe kizima bila kukunja uso, akaniambia polepole, "Usijali. Mwakani watasahau." Sikujua kama ananifariji au ananicheka.

Mimi nakinywa kila siku. Si chai. Lakini ni cha moto na kina maziwa, na nikikishika kwa mikono miwili kichwa kinatulia kidogo.

Jumapili, 24 Mei

Sikunywa. Mzee Angwenyi amekuja hapa nyumbani bila kusema anakuja. Nilikuwa naosha Ombui kwenye beseni. Akakaa, akaomba, akauliza habari za ng'ombe. Halafu akainuka, akaenda mwenyewe hadi pembeni mwa ghala, akainama, akanusa vyungu vyangu. Mtu mzima na koti lake la Sabato! Kimoja baada ya kingine, ana bahati havikuwa na nyuki.

Nikamuuliza, "Mzee, unatafuta nini?"

Akasema, "Tumesikia hapa panakaangwa, Mama Nyaboke."

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha unga mweusi kwenye mkebe. Akachovya kidole akaonja, akakunja uso, lakini hakusema ameamini wala hajaamini. Akasema, "Tutalizungumza siku ya maswali." Akavaa kofia akaenda.

Mtoto akawa anapiga kelele maji ya beseni yamepoa. Nimekaa bila chai wiki mbili, na sasa naitwa mpika pombe? Nilijua ni nani aliyesema. Nikamfunga Ombui mgongoni akiwa bado na sabuni masikioni, nikaenda moja kwa moja kwa Nyanchera, nikamsimamia mlangoni nikamwambia yote yaliyokuwa tumboni. Kwamba ana wivu. Kwamba anataka watu wote walale kwenye matope kama wateja wake. Kwamba asikanyage kwangu tena. Alikuwa anapepeta wimbi. Aliendelea kupepeta.

Jumatano, 27 Mei

Sikunywa. Mwalimu Benter ameniambia nimletee daftari aone ninavyoendelea. Nimemwambia limelowa mvua. Halikulowa. Lakini kuna mahali nimeandika habari zake, na nyingine za Mzee ambazo si nzuri kusomwa na mtu wa kanisa.

Jumapili, 31 Mei

Sikunywa. Machogu amekuja jana na lori la Sotik, siku mbili tu. Ameleta sabuni, chumvi, blanketi, na pakiti kubwa ya chai. Kubwa! Nikamwambia, Baba Nyaboke, barua nilikuandikia. Akasema barua aliipata. "Lakini mwanamke, mimi natoka huko mgongo umepinda kwa kuchuma chai, nafika kwangu hakuna chai. Wenzangu wakijua nitaweka wapi uso?"

Amekunywa yeye. Nyaboke amempikia. Amekaa mlangoni akivuta kwa sauti, fuuu, fuuu, harufu ikanijia mpaka mate yakanijaa. Nilikwenda kukata nyasi za ng'ombe ambazo hazikuhitajika. Leo wakati wa kuondoka alisema mbele ya watoto, "Mama yenu ni mtu wa kichwa kigumu. Mwacheni aende huko anakokwenda." Alisema akinitazama, wala hakuwa anacheka. Nadhani alikuwa ananisifu. Kwa Machogu huwezi kujua.

Pakiti ameiacha. Nimemwambia Nyaboke aifiche nisijue ilipo.

Jumanne, 2 Juni

Sikunywa. Ombui ana joto. Anakataa kunyonya.

Ijumaa, 5 Juni

Sijaandika siku mbili. Naandika sasa mchana, Ombui amelala, joto limeshuka, anahema vizuri. Nimeweka mkono kifuani pake mara ishirini.

Jumatano asubuhi macho yalimgeuka. Nilimfunga mgongoni nikatoka mbio, sikuvaa hata kitambaa. Lori halikuwako, mvua ilikuwa imekata barabara huko juu. Nilitembea kutoka hapa mpaka hospitali ya serikali Kisii, mvua yote ikinipiga, naimba ili nisikie kama analia. Akilia ni mzima. Akinyamaza nilikuwa nampapasa mguu. Pale chini ya kilima cha Nyanchwa alinyamaza kitambo, nami nikakaa chini kando ya njia. Mama mmoja nisiyemjua akanishika kiwiko akaniinua, tukaenda naye mpaka mlangoni.

Malaria. Walimpiga sindano. Nililala nimekaa chini kando ya kitanda, usiku wa pili bila usingizi. Alhamisi daktari akasema angojee siku moja zaidi. Leo asubuhi tukaachiliwa. Nimerudi naye mgongoni, jua likiwaka kwa mara ya kwanza mwezi huu, na kila kilima kimekuwa kirefu.

Nilipofika nilikaa kwenye kizingiti nikashindwa kuingia. Nyaboke hakwenda shule siku hizi zote. Alikuwa amekamua, amepika, amewaosha wadogo zake. Akamchukua Ombui akamlaza. Halafu akarudi na kikombe, akaniwekea mikononi. Nikajua kwa harufu kabla sijatazama. Chai ya kweli, nzito, yenye sukari.

Akasema, "Kunywa, mama. Sitasema."

Nikanywa. Sitajidanganya hapa, nimekunywa chote bila kupumzika. Akanijazia cha pili, nikanywa nacho.

Vikombe viwili. Nimeandika.

Jumamosi, 6 Juni

Sabato. Sikunywa. Sikwenda kanisani, nimekaa na mtoto. Yaani vikombe viwili! Na mtoto alikuwa anakufa! Mungu mwenyewe angekuwa na mtoto mgonjwa katika mvua ile tungeona. Nisamehewe kusema hivyo.

Jumapili, 7 Juni

Sikunywa. Mwalimu Benter amekuja kumwona Ombui, ameleta samaki mkavu na mayai. Ameniambia jambo kwa sauti ya chini, akijizuia kucheka. Kumbe Mzee Angwenyi aliambiwa habari za kukaanga kanisani, katika darasa la watoto wadogo. Waliulizwa wanamshukuru Mungu kwa nini, Nyamusi akasimama akasema, "Namshukuru Mungu kwa pombe ya mama, lakini haileweshi."

Nyamusi wangu mimi. Nyanchera hakusema kitu.

Nimemwita Nyamusi nimkaripie, akanitazama na macho yale makavu, akauliza, "Kwani inalewesha?"

Jumanne, 9 Juni

Sikunywa. Nimekwenda kwa Nyanchera. Nilibeba ndizi mkungu mzima, maana mikono mitupu ingenifunga mdomo. Nikasema, nimekukosea, ni mtoto wangu aliyesema. Akasema, "Nilijua. Watoto wako wote wana mdomo wako." Halafu akauliza Ombui anaendeleaje. Kumbe Jumatano ile alikuwa ameniona nikipita mbio, akaenda kwangu akakaa na watoto mpaka jioni, na kesho yake tena. Ng'ombe alimkamua yeye pamoja na Nyaboke. Nyaboke hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimesema Nyanchera asikanyage kwangu.

Nimejiona mdogo. Nimekaa naye nikamsaidia kupepeta, na pombe yake ilikuwa inachemka pale pale pembeni.

Jumapili, 14 Juni

Sikunywa. Nyaboke na mimi hatujazungumza habari ya vile vikombe. Tunapitia mistari jioni kama kawaida. Juzi tulifika mahali pa kusema kweli, akasoma haraka haraka akapita. Nami nikamwacha apite. Nimeamua. Hakuna anayejua ila sisi wawili, na Mungu ambaye aliona mvua ilivyokuwa. Sitasema. Nimeteseka miezi miwili na zaidi, na sitakubali kuangushwa na vikombe viwili.

Alhamisi, 18 Juni

Sikunywa. Nyaboke hali vizuri. Anasema tumbo.

Jumapili, 21 Juni

Siku ya maswali. Naandika kwa hasira, mwandiko utanisamehe.

Tulikaa tisa kwenye benchi moja kanisani. Mzee Angwenyi na wazee wengine wawili mezani, Mwalimu Benter kando yao. Wenzetu wakaulizwa, wakajibu. Nilipoitwa mimi, likaja la kukaanga kwanza. Kabla sijafungua mdomo, mlangoni tukasikia, "Hodi!" Nyanchera! Hajawahi kuingia kanisani, na hakuingia hata leo, alisimama kwenye kizingiti na matope mpaka magotini.

Akasema, "Mimi si mtu wenu. Lakini pombe naijua, nimepika miaka ishirini, hata baadhi yenu mlioketi hapo mlikuwa mnakunywa kwangu zamani. Kile cha huyu mama nilikunywa kikombe kizima. Hakiwezi kulewesha panzi." Wazee wakatazama meza. Mwalimu Benter akaweka kitambaa mdomoni. Mzee Angwenyi akasema, "Tumekushukuru, mama," na naona masikio yake yalikuwa yamepata moto, maana si zamani sana. Likaishia hapo. Nikapumua. Nikasema moyoni, nimevuka.

Ndipo Mzee akamgeukia Nyaboke. Hakuwa na ubaya, lazima niseme hivyo. Aliuliza kama mtu anayekamilisha kazi. "Nyaboke, wewe ndiwe unayepika kwenu. Tangu ile Sabato ya ahadi, mama yako amekunywa chai?"

Nyaboke akasimama. Alikuwa amekazana kuvuta upindo wa nguo yake, anauvuta na kuukunja. Hakunitazama. Nilikuwa namjua mtoto wangu tangu siku ya kwanza, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Amejifunza mwaka mzima na nusu aingie majini akiwa safi, ameningoja mara mbili, na sasa amefikishwa mahali ambapo ni lazima aniuze mimi au aseme uongo mbele ya Biblia iliyofunguliwa, siku sita kabla ya maji. Na aliyemfikisha hapo ni mimi. Si Mzee, wala malaria. Mimi niliyenyamaza siku kumi na sita nikamwachia mtoto abebe.

Akasema, "Haku..."

Nikasimama. "Mzee, muulize mwenye kinywa. Nimekunywa. Vikombe viwili, tarehe tano, siku niliyotoka hospitali na mtoto. Nyaboke alinipikia kwa sababu aliniona naanguka. Kikombe nilishika mimi, na kilichoshuka kilishuka kooni kwangu."

Nyaboke akakaa chini akaanza kulia.

Mzee akavua miwani. "Kwa nini hukusema mapema, Mama Nyaboke?"

"Kwa sababu nilitaka kuingia na mtoto wangu."

Mwalimu Benter akasema, "Mzee, huyu alikuwa anakunywa sita kwa siku. Miezi miwili na nusu amehangaika, na mtoto alikuwa mahututi." Mzee akafuta miwani, nikaona anapigana nalo. Halafu akasema, "Kwa vile vikombe peke yake ningemwombea. Lakini alikuja hapa leo akiwa amejiandaa kuficha. Binti ataingia. Mama atangoja Desemba."

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ana haki. Angekuwa mjinga ningelala vizuri.

Nje Nyaboke akanishika mkono. "Mama, nitangoja. Hata Desemba nikiwa likizo Birongo kwa bibi, nitakuja tuingie pamoja..."

Nikamkatiza. "Utaingia Sabato hii, na ukisema tena neno hilo nitakubeba mgongoni kama Ombui nikutupe majini mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe ulikuwa unasema uongo kwa ajili yangu?"

Akafuta pua. "Sikumaliza kusema, mama."

Jumatatu, 22 Juni

Sikunywa. Sijui sasa namwandikia nani.

Jumatano, 24 Juni

Sikunywa. Nyanchera alikuja na kikapu cha viazi, akauliza kama nimebaki na unga ule mweusi. Nikampa. Akasema ni wa kumwamsha asubuhi.

Ijumaa, 26 Juni

Sikunywa. Nimeshona nguo nyeupe ya Nyaboke. Nilikuwa na kitambaa cha nguo mbili. Cha pili nimekikunja nikakirudisha sandukuni, chini kabisa, nisikione kila nikitafuta shuka.

Jumamosi, 27 Juni

Mvua haikunyesha. Mto bado umejaa, maji ya rangi ya udongo, na wazee walikuwa wamepiga vigingi na kamba mahali pa kushukia. Watu wengi. Machogu amefika asubuhi na lori, na shati jeupe. Ombui alikuwa mabegani kwa baba yake. Nyanchera alisimama mbali kidogo, juu ya ukingo.

Mimi nilipewa kazi ya kusimama pale wanapotokea, pamoja na akina mama walioshika mablanketi. Mzee Angwenyi alikuwa kando yangu akisoma majina. Wanane, si tisa. Niliyasikia yote manane, nikajizuia. Nilikuwa nimejiambia sitalia, maana nikilia Nyaboke ataniona, na akiniona hataingia. Nikakaza uso mpaka taya zikauma. Kama kuna aliyeniangalia, alidhani nina ugomvi na mto.

Nyaboke akashuka. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Mchungaji akamshika. Akageuka kidogo akanitafuta, nami nikamwonyesha kwa kidevu: haya, endelea. Akazama. Sekunde ile aliyokuwa chini sikupumua.

Akainuka anakohoa, maji yakimtiririka, watu wakaanza kuimba. Akapanda kwa kamba. Akina mama wakamnyooshea mablanketi, akawapita wote. Akanijia mimi moja kwa moja, akanirukia kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo kama Nyamusi, mikono yote miwili shingoni, nywele zake zikichuruzika machoni pangu. Nguo yangu ikalowa kifuani, tumboni, mpaka miguuni. Hakuniachia. Nami sikumwambia aniachie.

Mzee Angwenyi alikuwa ameshika karatasi yake ya majina. Akatutazama, akasafisha koo.

"Mama Nyaboke," akasema, "na wewe umelowa."

Nikamwambia, "Bado kichwa tu, Mzee."